Maswali ya Wasomaji: Picha za Mtaani, Kutoka Kibuye Hadi Kaptembwa

Tulipoomba maswali kuhusu upigaji picha za mtaani, barua nyingi zilitoka Kisumu, Nakuru, Kakamega na viunga vyake. Tumezifupisha, na zinazofanana tumezijibu pamoja. Tunazungumzia picha za kumbukumbu: maisha yalivyo barabarani, sokoni na ufuoni, bila mtu kupangwa wala kuambiwa acheke.

SWALI: Nimenunua Canon ya mtumba yenye lenzi ya 18-55. Nikiingia soko la Kibuye Jumapili, nusu ya picha fokasi inashika nyuma ya mtu, nyingine zimetikisika. Fundi anasema kamera ni nzima. Shida ni nini? – Msomaji, Manyatta, Kisumu

Fundi hajakudanganya. Kamera ikiachiwa ichague yenyewe pa kufokasi, hutafuta kilicho karibu au chenye mistari mikali, na Kibuye kila kitu kina mistari: marundo ya mitumba, nyavu, maturubai ya milia. Ikimaliza kutafuta, mtu wako ameshapita. Dawa ni ya zamani na haihitaji pesa: amua umbali kabla ya kuingia sokoni.

Zungusha lenzi hadi milimita 24, weka apacha, yaani tundu la lenzi, kwenye f/8. Tafuta kitu kilicho mita mbili na nusu kutoka ulipo, hatua tatu ndefu, bonyeza kitufe nusu hadi fokasi ishike, kisha sogeza swichi ya ubavuni mwa lenzi kutoka AF (kamera inafokasi yenyewe) hadi MF (unafokasi wewe). Bandika selotepu kwenye pete ya fokasi, kidole kisije kikaizungusha bila wewe kujua. Kuanzia hapo kila kilicho kati ya mita 1.5 na mita 7 hivi kitatoka wazi, na kamera haina tena cha kutafuta. Lakini ukifungua apacha hadi f/4, eneo hilo linabanwa na kuwa kati ya mita 1.9 na 3.7 tu. Ndiyo maana wapiga picha wa mtaani wanaipenda f/8 kuliko ile mandhari ya nyuma iliyoyeyuka ambayo wauzaji wa lenzi wanaisifu. Mtaani, mandhari ya nyuma ni nusu ya habari.

Tahadhari moja: baadhi ya lenzi mpya husogeza fokasi kwa mota hata ukiwa kwenye MF, na kamera ikilala zinasahau mahali ulipoziweka. Ijaribu yako nyumbani: fokasi kwenye kiti, zima, washa, piga tena.

Kutikisika ni suala la shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie. Mtu anayetembea anataka 1/250 ya sekunde, mwenye mkokoteni au boda anataka 1/500. Ukiwa kwenye Av, ambapo wewe unachagua apacha na kamera inachagua shata, na f/8, shata inategemea ISO uliyoweka, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga. Juani ISO 400 itakupa kama 1/1600. Ukiingia chini ya turubai na ISO ileile unaanguka hadi 1/100 au chini yake, na hapo ndipo picha zako zinapotikisika. Panda hadi 1600. Ukitoka tena juani usisahau kuishusha, kwani kamera nyingi za bei nafuu zinakomea shata ya 1/4000. ISO 1600 na f/8 kwenye jua kali inataka zaidi ya hapo, kwa hiyo picha itaungua, itoke nyeupe tupu. Kibuye ni jua, turubai, jua, turubai. Kidole gumba kizoee kitufe cha ISO hadi ukibadilishe bila kutazama.

SWALI: Napenda kupiga picha wanawake wa samaki pale Dunga, lakini nyuso zinatoka nyeusi tititi na ziwa linang'aa. Nikiwapiga kwa karibu, ngozi inapauka. Kamera yangu ni mbovu? – Msomaji wa kike, Nyalenda, Kisumu

Hapana, dada. Kamera haijui inamtazama nani. Inakusanya mwanga wote wa fremu, inatafuta wastani, na kuuvuta kwenye kijivu. Ziwa likiwa nyuma ya mtu saa tano, fremu imejaa mng'ao, kamera inapunguza mwanga, na uso unazama. Hapo ongeza: sogeza kipimo cha kusahihisha mwanga hadi +1, na kama anga ni jeupe kabisa, hata +1.7. Maji yataungua, yaache yaungue, hukwenda Dunga kupiga picha ya maji.

Tatizo la pili ni kinyume cha hilo. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na ngozi inatoka kama imepakwa majivu. Hapo punguza, -0.3 hadi -0.7. Watu wengi wameshika somo la kwanza tu, wanaongeza kila mahali, na ndiyo maana albamu nyingi za harusi zimejaa watu waliopauka.

Piga kwa RAW, faili ghafi ya kamera, kama kamera inaruhusu. Faili moja inaweza kufika megabaiti 25 au zaidi, lakini kivuli unaweza kukifungua baadaye kwa ngazi mbili bila kuharibu rangi. Kilichoungua kabisa hakirudi hata kwa RAW.

Halafu kuna saa. Kisumu iko karibu kabisa na ikweta, na jua letu hupanda kama nyuzi 15 kila saa bila kuzungukazunguka. Likichomoza saa kumi na mbili na nusu, ikifika saa nne tayari limekaa juu na macho ya watu yamegeuka mashimo ya kivuli. Mwanga wa kazi ni hadi saa tatu na nusu asubuhi, kisha kuanzia saa kumi jioni. Na machweo yetu ni mafupi: jua likigusa ziwa, una kama dakika 20 kabla ya giza.

Dunga lakini ina zawadi yake. Omena zikiwa zimeanikwa chini kwenye nyavu, zinarudisha mwanga juu. Mama aliyeinama kuzigeuza anapata mwanga chini ya kidevu na ndani ya macho, hata jua likiwa limepanda. Piga goti upande wa pili wa wavu, kamera iwe usawa wa mikono yake, usubiri atupe kiganja cha omena. Kwa 1/1000 utaona kila samaki peke yake hewani. Kwa 1/60 utapata utepe wa fedha na uso uliotulia. Tungechagua ya pili.

Mchana wenyewe usirudi nyumbani. Ingia kwenye vibaraza vya maduka ya zamani mjini. Mtu aliyesimama hatua moja ndani ya kivuli akitazama nje anapata mwanga laini unaorudishwa na lami.

SWALI: Nina simu tu. Nianze au ningoje? – Msomaji, Busia

Anza leo. Futa lenzi kwa kitambaa safi kila unapoitoa mfukoni, maana mafuta ya vidole ndiyo chanzo cha picha nyingi zenye ukungu. Tumia lenzi kuu, ile ya 1x, usivute kwa vidole. Kuvuta ni kukata picha tu. Bonyeza kioo kwa muda hadi fokasi na mwanga vifungwe, kisha ubonyeze kwa kitufe cha sauti. Na picha zako usizitume WhatsApp kama picha, zinabanwa; zitume kama hati.

SWALI: Lazima niombe ruhusa? Mama mmoja anayeuza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki ya kukaanga, kule Obunga alinifukuza na mwiko. Mwenzangu anasema barabarani ni pa umma, mtu yeyote anaweza kupigwa picha. – Msomaji, Kisumu

Mwenzako ana nusu ya ukweli. Kenya haina sheria inayokataza kwa jumla kupiga picha mtaani. Lakini Katiba, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inaihesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa data yake binafsi. Sheria hiyohiyo, kifungu cha 52, inalegeza masharti kwa kazi ya uandishi wa habari, fasihi na sanaa yenye maslahi kwa umma. Kazi ya kumbukumbu inaweza kukaa chini ya mwavuli huo. Tangazo la biashara halikai: picha ya mama wa Obunga ikienda kwenye bango la mafuta ya kupikia bila idhini yake, umejiingiza taabani, na aliyeinunua pia.

Watoto ni mlango mwingine kabisa. Idhini ni ya mzazi au mlezi. Mwaka 2023 ofisi ya Kamishna wa Kulinda Data iliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi, na baa moja shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja. Hizo zilikuwa picha za kujitangaza, hazikuwa za kumbukumbu, lakini zinakuonyesha upepo unavyovuma. Kuna pia maeneo yaliyolindwa kisheria, kama kambi za jeshi; huko weka kamera ndani ya begi.

Sasa turudi kwa mama na mwiko wake. Tenganisha picha ya mahali na picha ya mtu. Barabara iliyojaa watu, tuktuk, moshi na mabango, hiyo piga, huwezi kusimamisha umati mzima. Ukishamchagua mtu mmoja na kumsogelea hadi mita mbili, hiyo ni picha yake, na salamu inatangulia. Kwa Kijaluo, "Oyawore, mama" asubuhi, "oimore" jioni, kisha sema wewe ni nani na unafanya nini kwa sentensi moja. Akikataa, shukuru na uondoke. Usimpige kisirisiri kutoka ng'ambo ya barabara, wenzake wameshakuona. Akikubali, atakaa wima na kutabasamu kwa kamera. Piga hiyo moja, umwonyeshe, kisha kaa. Baada ya robo saa karai la mafuta litamrudisha kazini, na picha uliyoifuata itakuja yenyewe: anapogeuza mifupa ya mbuta kwa mwiko, moshi ukimpita usoni. Simama upande ambao moshi hauji kwako. Mvuke wa mafuta ukiganda kwenye lenzi, kila taa itatoka na duara la ukungu, na kitambaa kikavu kitasambaza tu. Unataka dawa ya lenzi.

Hatushauri kulipa watu ili wapigwe picha. Ukilipa leo, kesho unapata maigizo, na mpiga picha anayekuja baada yako anakuta bei. Nunua samaki kama una njaa, na urudi na picha iliyochapishwa. Hilo la pili ndilo linalofungua mitaa.

SWALI: Nikienda dampo la Gioto wanasema nauza umaskini wao. Wamekosea? – Msomaji, Kaptembwa, Nakuru

Pengine hawajakosea, ndugu. Tazama picha zako za Gioto na ujiulize kama kuna hata moja ambamo mtu anafanya uamuzi: anapima chuma kwenye mizani, anabishana bei, anapanga chupa kwa rangi. Kama zote ni mikono iliyonyooshwa na watoto wanaotazama juu kwenye kamera, basi umepiga picha ya hisia zako mwenyewe. Fuata mzigo: nani anaokota, nani ananunua kwa kilo, lori linakwenda wapi. Shusha kamera usawa wa macho yao. Picha inayopigwa kutoka juu kwenda chini humdogosha mtu kabla maelezo hayajasomwa.

SWALI: Nimepiga kwa miaka miwili. Watu wanasema picha ni nzuri lakini hazina mtindo. Mtindo unanunuliwa wapi? – Msomaji, Nakuru

Hili tutalikalia. Wengi wanadhani mtindo ni rangi za programu ya kuhariri: kila kitu kipakwe kahawia, au kila kitu kiwe cheusi na cheupe chenye punje. Hizo ni nguo tu. Mtindo ni kile unachokirudia bila kuambiwa: umbali unaosimama, urefu unaoshikia kamera, mwanga unaoukimbilia, na kile unachokiacha nje ya fremu. Hauonekani kwenye picha moja. Unaonekana kwenye picha 60 zilizotandazwa sakafuni.

Mpiga picha Mfaransa Henri Cartier-Bresson alifanya karibu kazi yake yote kwa lenzi moja ya milimita 50, na sehemu zinazong'aa za kamera yake ya Leica alizifunika kwa utepe mweusi. Garry Winogrand wa New York alipenda milimita 28, kwa hiyo ilimbidi aingie katikati ya watu. Ukizoea lenzi moja, mwili wako unajua fremu inaishia wapi kabla hujainua kamera, na ile nusu sekunde unayoiokoa ndiyo picha yenyewe. Chagua moja, milimita 24 kwenye kamera ya sensa ndogo au 35 kwenye ya sensa kubwa (sensa ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), na uifunge kwa miezi sita.

Funga na mahali pia. Chukua kipande unachoweza kukizunguka kwa nusu saa, kwa Nakuru tuseme kuanzia stesheni ya reli hadi sokoni na kurudi kwa Barabara ya Kenyatta. Rudi siku ileile, saa ileile, kisha ubadilishe saa. Utaanza kujua kwamba ukuta fulani hupigwa na jua saa mbili asubuhi kwa dakika kumi, na kwamba wapakuzi wa kabeji hupita hapo wakiwa na magunia kichwani. Basi usimfukuze mtu barabara nzima. Simama mbele ya ukuta, panga fremu, angalia kona zote nne kama kuna nguzo au mkono uliokatwa, kisha ngoja dakika 20. Picha za mtaani zinazoonekana kuwa za bahati nyingi zilikuwa na jukwaa tayari.

Kuchagua ndiko kunakowashinda wengi. Mpiga picha Robert Frank alizunguka Marekani mwaka 1955 na 1956, akapiga zaidi ya fremu 27,000, na kitabu kilichotoka Ufaransa mwaka 1958 kilikuwa na picha 83. Hesabu mwenyewe: hata moja kati ya 300 haikufika. Ukirudi na picha 400 na kuweka mtandaoni 40, hujachagua, umemwaga. Winogrand alikuwa akichelewesha kwa makusudi kuzisafisha filamu zake ili asahau alivyojisikia siku ile, kwa sababu furaha ya kupiga hutudanganya kuhusu picha. Alizidisha: alipofariki mwaka 1984 aliacha kama roli 2,500 ambazo hazijasafishwa. Wewe ngoja wiki mbili. Kisha pitisha mkono wa kwanza haraka, toa zenye kasoro. Mkono wa pili, baki na zile ambazo ukizifunika nusu bado unataka kuona nusu nyingine. Mwisho wa mwezi chapisha 60 kwa sentimita 10 kwa 15, zitandaze, na uondoe kila inayosema lile ambalo nyingine imelisema vizuri zaidi.

Sasa zitazame kama za mtu mwingine. Tukisoma folda za wasomaji tunakuta magonjwa yaleyale. Migongo mingi maana yake ni woga. Sogea mbele ya watu, wacha waje kwako. Watu wote wako katikati ya fremu: fokasi ya katikati ndiyo iliyokufundisha hivyo, na ile mbinu ya umbali tuliyoieleza hapo juu itakuponya. Picha zote zina mtu mmoja na kitu kimoja: jaribu kuweka jambo karibu, jambo katikati na jambo nyuma, na vichwa visigusane. Hili la mwisho ni gumu kuliko yote. Hatua moja kushoto mara nyingi hulimaliza.

SWALI: Rangi au nyeusi na nyeupe? – Msomaji, Eldoret

Kama rangi ndiyo habari, leso, matatu, maembe, baki na rangi. Kama rangi inagombana na uso, iondoe. Usiitumie nyeusi na nyeupe kuokoa picha mbaya, haiokoki.

SWALI: Nataka kupiga mchezo wa fahali kule Ikolomani. Nisimame wapi? – Msomaji, Kakamega

Upande wa juu wa mteremko, nyuma ya watu wenyeji, na mahali unapoweza kukimbilia. Pambano huisha fahali mmoja anapogeuka na kutoroka, naye hutoroka kupitia umati, mwingine akimfuata. Kwa hiyo usikae nyuma ya fahali anayeanza kurudi kinyumenyume. Shata 1/1000, lenzi ya 70-200, na fika alfajiri: msafara unaomsindikiza fahali kwa ngoma za isukuti una picha nyingi kuliko pambano lenyewe. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma hiyo ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka.

SWALI: Kukiwa na maandamano Kondele niende? – Msomaji, Kisumu

Usiende peke yako, na usiende kama hujui vichochoro. Simama ubavuni, kamwe usiwe kati ya polisi na vijana, ukuta ukiwa mgongoni na njia ya kutokea ukiijua. Mchana upepo wa ziwa huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, kwa hiyo kaa upande wa ziwa, moshi wa vitoa machozi utakwenda ng'ambo. Ukikupata, osha macho kwa maji mengi safi, usiyasugue. Beba kadi mbili ndogo badala ya moja kubwa na ubadilishe katikati ya siku. Mtu akikufutia picha kwa nguvu, usipige hata moja zaidi kwenye kadi hiyo: programu za kurejesha faili huzipata mradi hazijaandikwa juu yake.

Kabla ya kuchapisha, fikiria uso wa kijana mwenye jiwe mkononi. Picha hiyo inaweza kuwa ushahidi dhidi yake miaka mingi baadaye. Kuna njia ya kumwonyesha kutoka nyuma, au kwa kivuli.

SWALI: Hii kazi inalisha? Hao wakubwa waliishije? – Maswali kadhaa, Kisumu na Nakuru

Wengi walilishwa na kitu kingine. Vivian Maier alikuwa yaya Chicago. Negativu zake, zaidi ya 100,000, zilianza kujulikana baada ya kupigwa mnada mwaka 2007, naye akafariki mwaka 2009 bila kuona umaarufu huo. Malick Sidibé wa Bamako aliishi kwa studio, karamu za vijana na kukarabati kamera. Cartier-Bresson alizaliwa kwenye familia tajiri ya viwanda vya nguo, jambo ambalo wanaomsifu husahau kulitaja. Kwetu, Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi, alitoka kwenye picha za kupigania uhuru hadi magazeti makubwa ya Marekani, akauawa kwenye vita vya Biafra, Nigeria, mwaka 1968. Mohamed Amin alianzisha kampuni yake ya Camerapix mwaka 1963 na kuuza picha na filamu za habari. Picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu. Boniface Mwangi alichukua picha za ghasia za 2007 na 2008 na kuzitundika mtaani katika miji ya Kenya, mbele ya watu walewale zilizowahusu.

Kwa hiyo harusi, mazishi na kazi za mashirika si aibu, ndiyo kodi ya nyumba. Ila soma mkataba. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya 2001, picha ulizoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa haki imehamia kwake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Shirika likikutuma Homa Bay kwa siku tatu, andika kwenye barua ya makubaliano, kabla ya safari, kwamba hakimiliki inabaki kwako na wao wanapata ruhusa ya kutumia kwa miaka kadhaa kwa matumizi yaliyotajwa. Mstari huo mmoja ndio utakaokuwezesha kuonyesha picha hizo kwa jina lako. Kazi yako mwenyewe, isiyoagizwa na mtu, ni yako tangu unapobonyeza kitufe, na ulinzi wake ni miaka 50.

Mashindano ya World Press Photo tangu 2022 yana kanda ya Afrika, na kuingia ni bure. Wanaofika mbali huombwa faili za RAW. Ukiwa umefuta mtu au nguzo kwenye picha, unatoka.

SWALI: Lenzi yangu ina kitu kama buibui ndani. – Msomaji, Mbita

Ni ukungu wa kuvu. Unyevu wa ziwa ukikaa juu ya asilimia 60 na lenzi ikikaa gizani ndani ya begi la ngozi, huota na kula tabaka linalofunika kioo. Peleka kwa fundi mapema, kabla haujachimba. Baada ya hapo weka vifaa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, pamoja na silika, zile punje za kunyonya unyevu. Ikibadilika rangi ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi 120 kwa saa mbili, irudi ndooni. Mchele hauna kazi hapo, unaacha vumbi.

Kwa vumbi la Nakuru la Januari na Februari, badilisha lenzi ndani ya duka, kamera ikitazama chini, na usipulize sensa kwa mdomo. Mate hukauka yakawa madoa.

SWALI: Nimeahidi watu wengi picha zao. Nizichapishe vipi, na kumbukumbu nizihifadhi vipi? – Msomaji, Kondele

Anza na maelezo, usiku uleule, kabla jina halijapotea: nani, anafanya nini, wapi, tarehe. Yaandike ndani ya faili yenyewe kwa programu ya kuhariri, yasibaki kwenye daftari tu. "Mama sokoni" si maelezo. "Akipanga nyanya soko la Jubilee, Kisumu" ni maelezo, na miaka 30 ijayo ndiyo yatakayoipa picha thamani. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikiwa nyumba nyingine. Mwizi hubeba laptopu na diski iliyo kando yake kwa mkupuo mmoja.

Za kuchapisha, zitoe JPEG ya mpangilio wa rangi wa sRGB, pikseli 1200 kwa 1800 kwa ukubwa wa sentimita 10 kwa 15. Mwambie wa studio asisahihishe rangi, la sivyo mashine itaongeza mwanga na kuwapausha watu wako wote. Chapisha moja kwanza, itazame nje kwenye mwanga wa kivuli, kisha uagize zilizobaki. Nyuma andika tarehe na mahali kwa maka yenye ncha nyembamba na uache ikauke kabla ya kuzipanga. Wino wa biki haukauki vizuri kwenye karatasi hizo na huhamia kwenye uso wa picha iliyo chini yake.